Pazo za michoro ya riwaya za enzi za Victoria: Alice, Dickens au Sherlock, ubebe ipi?

Kwanza tuelewane, hapa sishindanishi hadithi. Nashindanisha picha. Maana nimeona watu wananunua pazo (zile picha zilizokatwa vipande vya kupanga) kwa sababu wanaipenda riwaya, boksi linafika, wanamwaga vipande mezani kwa furaha zote, siku ya tatu vinarudi kwenye boksi na hakuna anayevigusa tena, na hapo kosa si la mtu wala si la hadithi, ni kwamba mchoro wenyewe haukufaa kukatwa vipande 1000. Yamenikuta mara mbili kwahiyo naongea nikiwa na kovu.

Mi niko Leicester huku Uingereza, kazi yangu ya zamu, na mwezi wa 12 saa kumi jioni jua lishazama, kwahiyo jioni ni ndefu balaa. Huku pazo ni kama bao au karata kule kwetu Tanga, nenda nyumba yoyote ya wazee utakuta maboksi matatu manne chini ya kabati. Na kitu chenyewe ni cha hapa hapa, kuna mchonga ramani mmoja wa London, John Spilsbury, miaka ya 1760 alikuwa anabandika ramani kwenye ubao halafu anaukata kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Hizi za picha za riwaya zimekuja kuwa nyingi kwa sababu nyepesi tu, wachoraji walishakufa zamani, haki miliki imeisha, mwenye skana na mashine ya kuchapa anaweza kutoa za kwake bila kumlipa mtu. Ndo maana picha ile ile unaikuta kwenye maboksi saba kwa bei saba na ubora ni mbingu na ardhi.

Malkia Victoria alitawala 1837 mpaka 1901, wauzaji wengi hawajali hiyo, tutafika huko.

Alice: nyeusi-nyeupe au ya rangi?

Hii, ile riwaya ya watoto ya Lewis Carroll, ndo maarufu kuliko zote na ndo inayowachanganya watu, kwa sababu kuna Alice za aina kama tatu na maboksi hayasemi ni ipi.

Ya asili ni ya John Tenniel, 1865, picha 42, zote nyeusi na nyeupe. Tenniel alikuwa anachora, halafu ndugu wa Dalziel ndo wanachonga kwenye vibao vya mti mgumu, mstari kwa mstari. Sasa mstari wa kuchongwa una raha yake kwenye pazo, ni mkali, una mwanzo na mwisho, ukishika kipande unajua huu ni unywele au huu ni ukoka. Lakini hiyo ni kama chapa ni nzuri. Kitabu chenyewe kilikuwa kidogo, unakishika mkono mmoja, picha nyingi haifiki hata upana wa kiganja, halafu mtu anaivuta mpaka sentimita 70, kama aliskani kitabu cha bei chee basi ule mstari unavimba unakuwa kama umechorwa na makaa. Na Tenniel mwenyewe alikuwa mkali kwenye hilo, chapa ya kwanza ya nakala 2,000 aliikataa hakupenda ilivotoka, ikabidi ichapwe upya. Kama mwenye picha alikataa, wewe unakubali boksi lenye ukungu kwa nini? (Vile vibao vya asili vilikuja kukutwa mwaka 1985 kwenye chumba cha hazina cha benki huko Covent Garden, watu walidhani vimepotea. Nikikuta boksi linaloonyesha vistari vyembamba vya kivuli shavuni kwa Alice, hapo ndo nafungua pochi.)

Ya pili ni ile ya 1890, toleo la watoto wadogo, Tenniel alichukua picha 20 akazikuza zikatiwa rangi. Ya tatu ni rangi alizotia Harry Theaker kwenye toleo la wachapishaji Macmillan la 1911. Utazitofautishaje dukani? Angalia gauni. Ya 1890 Alice kavaa njano, ile ya 1911 kavaa buluu. Basi. Na ukiona buluu inayong'aa kama plastiki, hiyo mtu kaitia kwenye kompyuta juzi.

Kwa kuzicheza sasa. Mi nilikuwa na ile ya karamu ya chai zote mbili, nyeusi-nyeupe ya vipande 500 na ya rangi ya vipande 1000, na amini usiamini, ya 500 ndo ilinichukua muda mrefu. Ya rangi unagawa mafungu, njano hapa, kahawia ya kiti hapa, kijani ya miti kule, jioni mbili umeshaona umbo. Nyeusi-nyeupe hakuna fungu. Unashika kipande kina vistari vitano vimelala, inaweza ikawa kitambaa cha meza, inaweza ikawa kiti, inaweza ikawa sikio la sungura. Nilikaa na kipande kimoja kama nusu saa nzima, kina vialama viwili vitatu vya wino tu, nikakigeuza nikakigeuza, kumbe ni ile karatasi ya bei kwenye kofia ya yule muuza kofia, imeandikwa 10/6, yaani shilingi kumi na peni sita. Nilipiga kelele mpaka baba watoto akatoka chumbani. "Kuna nini?" Nikamwambia nimepata shilingi. Akaniangalia akarudi kulala.

Ubaya mwingine wa nyeusi-nyeupe ni kipande kuingia mahali ambapo si pake. Zile za kadibodi zinakatwa kwa kisu kimoja kikubwa cha mashine, maumbo yanafanana sana, kwahiyo kipande kinaingia vizuri tu kikitulia, unakuja kugundua siku ya nne mwishoni kwamba kuna kimoja kimebaki na shimo lake haliko.

Kwahiyo kwa Alice: mwanzo kabisa au una watoto, chukua ya rangi ya njano, vipande 500. Una subira na macho mazima, nyeusi-nyeupe, lakini usizidi 500. Ya 1000 nyeusi-nyeupe namwachia anayemaliza kifungo.

Halafu kuna kitabu cha pili cha Alice, kile cha kioo, picha 50, kilitoka mwisho wa 1871. Humo kuna lile dude Jabberwock, lenye shingo ndefu na mabawa. Mwandishi alitaka liwe picha ya mbele kabisa ya kitabu, akaogopa, akawaandikia akina mama kama 30 kuwauliza watoto watatishika au vipi, mwisho wake likahamishiwa ndani. Kama pazo lakini ni zuri kuliko karamu ya chai, maana mwili wake wote umejaa magamba, kucha na mabawa, kila sehemu ina ngozi yake. Watoto wangu hawakuogopa, waligombea kucha.

Na kitu kimoja cha pembeni hapa. Alice ya Kiswahili ipo, *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, ilitoka London 1940, michoro imefuata ya Tenniel ila msichana kafanywa Mwafrika. Anayetengeneza pazo akisoma hapa, hiyo boksi la kwanza ni langu.

Dickens: hapa ndo pa kuwa makini

Watu wanasema "nataka pazo ya Dickens" kama ni kitu kimoja, wakati Dickens alipita kwa wachoraji tofauti kabisa na kila mmoja ana tabia yake mezani.

John Leech ndo wa kwanza kwangu. Alichora ile hadithi ya Krismasi ya bahili Scrooge, 1843, picha nane tu, nne za rangi na nne bila rangi. Zile nne za rangi zilipakwa kwa mkono, nakala kwa nakala, watu wamekaa na brashi. Ndo maana ukiweka maboksi mawili ya picha ile ile pembeni utaona rangi hazilingani, usidhani mmoja kakosea, wamepiga picha vitabu tofauti. Kitabu kiliuzwa shilingi 5, kilitoka tarehe 19 mwezi wa 12, nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi, na bado Dickens alipata kama paundi 230 wakati alitegemea 1,000, kwa sababu mapambo yote yale yalikula hela. Hasara yake faida yetu.

Ukitaka moja tu chukua ile ya mzimu wa pili, lile jitu la joho la kijani limekaa juu ya rundo la chakula, mabata, matunda, vyupa, na Scrooge kasimama pembeni na kofia yake ya kulalia kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Joho la kijani ni fungu kubwa peke yake, moto una rangi yake, chakula nacho unakipanga kimoja kimoja, nyuma ukuta wa majani. Hakuna sehemu ya kukaa umekodoa. Ile ya ngoma kwa Fezziwig nayo safi, wanandoa wanacheza mbele, mpiga fidla kakaa juu huko nyuma, ila nguo za watu nyingi zinafanana kidogo. Vipande 1000 za Leech zinaenda, 500 unazimaliza wikendi.

George Cruikshank, ndo wa Oliver Twist, michoro 24. Ile ya mtoto na bakuli anaomba aongezewe uji kila mtu anaijua hata kama hajasoma kitabu. Hakuchonga mbao huyu, alichora kwenye bamba la chuma na tindikali, mstari wake umekwaruzwa, una haraka. Faida yake ni nyuso. Kila mtoto pale ana uso wake wa njaa, mmoja analamba, mwingine kakodoa, na mpishi kashika mwiko kashangaa, kwahiyo unajenga picha kwa sura, unaanza na macho ya mpishi unatoka nje. Ila ukuta wa juu ni mikwaruzo mitupu. Nusu tamu nusu adhabu. Ningeichukua ya vipande 300 au 500.

Sasa Phiz. Jina lake halisi Hablot Knight Browne, huyu ndo kamchorea Dickens miaka mingi kuliko wote, alianzia riwaya ya Pickwick baada ya mchoraji wa kwanza, Robert Seymour, kujiua 1836 kazi ikiwa ndo kwanza imeanza. Phiz wa David Copperfield mi simsemi vibaya hata kidogo, vyumba vimejaa vitu, picha ukutani, vitabu, paka, unakuta utani mdogo mdogo kila kona. Shida ni Phiz wa Bleak House, 1852 na 1853. Humo ana mabamba kumi yanayoitwa ya giza. Alikuwa anatumia mashine kupiga mistari myembamba sambamba bamba zima kwanza, halafu ndo anachora juu yake, inatoka kama kuna ukungu na masizi ya London kila mahali. Kwenye kitabu ni kitu cha ajabu, nakubali. Kwenye pazo ya vipande 1000 ni mateso. Nilinunua moja mtandaoni, duka silitaji, mtaa wa mabanda, usiku, hakuna binadamu. Fremu nilimaliza siku moja. Wiki mbili zilizofuata nina vipande zaidi ya 600 vya kijivu chenye mistari iliyolala upande mmoja na hiyo si hata chapa nzuri, ile mistari ya mashine ilikuwa imeshikana imekuwa doa. Baba watoto alipita akasimama akauliza, "Mama, hii ni mvua au moshi?" Nikamwambia ni mtaa. Akasema pole.

Sherlock Holmes, na kwa nini 500 inatosha

Sidney Paget alianza kumchora Sherlock, yule mpelelezi wa hadithi za Conan Doyle, 1891 kwenye jarida la Strand. Ile kofia yenye ukingo mbele na nyuma ambayo kila mtu anaijua ni mkono wake yeye, kwenye maandishi ya Conan Doyle haijatajwa kwa jina lake. Picha zake si za mistari kama Tenniel, ni za wino wa maji, kijivu juu ya kijivu, kwahiyo kivuli kinatoka taratibu, na hiyo kwenye pazo ina maana unafuata mwanga badala ya kufuata mstari. Mi niliona ni rahisi kuliko nilivodhania. Ile ya ndani ya behewa, Holmes anaongea vidole vinahesabu na rafiki yake Watson anasikiliza, viti vya treni vina mistari ya kushona, suti zina kitambaa chake, dirisha ni jeupe, tayari umepata mafungu manne. Ile ya maporomoko ya maji ya 1893, Holmes anakabana na adui yake Moriarty, ni nzuri kuitundika ukutani ila miamba na maji vinachosha.

Tatizo lake ni kwamba picha zilikuwa za jarida, ndogo, zikikuzwa sana zinaonyesha vidoti. 500, yenye sentimita 49 kwa 36 hivi, haifiki huko. 1000 inafika.

Ukilinganisha na Alice nyeusi-nyeupe, nikiambiwa nichague moja ya kumpa mtu mzima ambaye hajawahi kucheza, nampa Sherlock. Alice mstari mmoja ukikosea umepotea, Sherlock unaweza ukakisia.

Zinazouzwa kama "Victoria" na sizo

Jane Austen alikufa 1817, Victoria hata hajazaliwa, kwahiyo riwaya zake si za enzi za Victoria. Ila michoro ya Hugh Thomson ya *Pride and Prejudice* ni ya 1894, picha 160, hiyo ni ya Victoria kweli, kitabu cha zamani picha za baadaye. Jalada lake lina tausi wa dhahabu juu ya kijani kiza na wengi wanalifanya pazo. Zuri mno kulitazama. Kulipanga ni manyoya, manyoya, manyoya. Kinyume chake ni Jane Eyre, riwaya ya 1847 iliyotoka bila picha yoyote, zile za rangi za maji unazoziona za Edmund Dulac ni za 1905. Rangi zimepoa, nzuri kwa macho yaliyochoka, na hata anayejua tofauti atakusamehe.

Ramani

Wengi wetu tumekisoma *Kisiwa Chenye Hazina* shuleni au tumekikuta nyumbani kimechanika jalada, tafsiri ya Frederick Johnson. Cha Kiingereza kilitoka 1883 na kina ramani mbele. Mwandishi wake, Stevenson, aliichora kwanza 1881 akicheza na mtoto wa mkewe, hadithi ikaja baadaye, halafu ramani ikapotea ikitumwa kwa wachapishaji, ikabidi ichorwe upya ofisini kwa baba yake, na baba mtu ndo akaghushi sahihi ya Kapteni Flint, yule haramia wa kwenye hadithi. Nimeipenda hiyo.

Kama pazo hii inashinda zote kwa mtu anayeogopa pazo. Ina maandishi kila mahali, majina ya vilima, namba za kina cha bahari, misalaba mitatu myekundu. Kipande chenye herufi hakipotei. Na si ndo vile Spilsbury alianza, kwa ramani? Bahari tupu ya pembeni inaudhi kidogo lakini kingo zimenyooka, unaivumilia.

Kadibodi au mbao

Kadibodi ya vipande 1000 inataka meza ya sentimita 70 kwa 50 na nafasi pembeni ya kutandaza, pima meza yako kabla, mi nilimaliza moja sakafuni na mgongo ukanilipiza. Tafuta isiyong'aa. Kwenye picha nyeusi-nyeupe karatasi inayong'aa ukiwasha taa ya dari unaona taa, huoni picha. Na usishangae ukihesabu ukapata 1026, kuna zinazokatwa safu 38 kwa 27.

Za mbao zinakatwa kwa leza, kampuni kama Wentworth wanaweka vipande vyenye umbo, buli, kofia, ufunguo, vinaendana na picha. Ukinusa boksi linanuka moshi na vidole vinapata masizi kidogo mwanzoni. Bei ni mara kadhaa ya kadibodi. Kwa Leech wa rangi sioni sababu ya kulipa. Kwa Tenniel nyeusi-nyeupe naiona, kwa sababu pale umbo linakusaidia pale ambapo rangi hakuna, kipande cha buli hakiwezi kuingia kwa bahati mbaya mahali pa sungura. Ya vipande 250 ya mbao inakukalisha kama 500 ya kadibodi.

Za mkono wa pili, zile za maduka ya chariti (ya kuuza vitu vilivyotolewa msaada) za paundi 2 au 3, nunua za rangi tu. Kikikosekana kipande kimoja kwenye joho la kijani unakata karatasi unapaka unaendelea na maisha. Kikikosekana kwenye uso wa Alice una shimo la mbao katikati ya picha na kila mgeni atakuonyesha. Uliza kama boksi limehesabiwa, duka moja karibu na kwangu waliandika "kamili" kwa kalamu nyekundu kabisa, na mpishi wa Oliver hadi leo hana jicho.

Ile ya mtaa wa giza iko chini ya kitanda, imeishia kwenye fremu na kama robo ya ukuta. Aliye Leicester anayeitaka aje achukue bure, vipande vyote vipo, nimevihesabu mwenyewe wakati nimeshindwa kuvipanga.